Ngazi Ukutani: Msuguano Unavyoshika na Unavyoachia

Ngazi iliyoegemezwa ukutani haishikiliwi na msumari, kamba wala zege. Inasimama kwa sababu kani zote zinazoigusa zimelingana na kufutana. Inayosukuma kuelekea ukutani imepingwa na inayosukuma kutoka ukutani, inayovuta chini imebebwa na inayoinua juu, na kila inayotaka kuizungusha upande huu imekutana na nyingine inayotaka kuizungusha upande ule. Hali hiyo huitwa msawazo tuli. Wanafunzi wa kidato cha 5 na cha 6 huichora kwenye daftari kama mstari mmoja ulioegemea mwingine, na hapo huonekana jambo dogo. Kwenye kiwanja cha ujenzi mstari huo umebeba mtu.

Nyanda za Juu Kusini za Tanzania zina kila namna ya tatizo hili. Kutoka Iringa mjini, kupita Mafinga na Makambako hadi Uyole na Mbeya mjini, nyumba nyingi hujengwa kwa tofali za kuchoma na kuezekwa kwa mabati. Fundi anayepanda kufunga kenchi, kupiga plasta au kupaka rangi mara nyingi hutumia ngazi aliyoigongelea mwenyewe: mirunda miwili ya mlingoti, na vipandio vya mbao za msindano vilivyopigiliwa misumari. Miti haitoki mbali; shamba la Sao Hill wilayani Mufindi ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini. Ukuta ambao haujapigwa plasta unakwaruza, ule uliopakwa rangi ya mafuta ni laini. Sakafu ya ndani inaweza kuwa saruji iliyosuguliwa kwa nta nyekundu mpaka ikang'aa. Nje ya mlango kuna udongo mwekundu, ambao kiangazi huwa mgumu wenye vumbi, na msimu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, hugeuka utelezi. Huko Tukuyu, wilayani Rungwe, mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, na siku ambazo ardhi inakauka kabisa ni chache. Ngazi ni ileile na fundi ni yuleyule, lakini ardhi ikibadilika hesabu yote imebadilika.

Hesabu yenyewe huanza kwa kuzitaja kani moja baada ya nyingine. Ngazi ina uzito, na uzito huo huweza kuhesabiwa kana kwamba wote umekusanyika katika nukta moja, yaani kitovu cha uzito. Kwa ngazi iliyo na unene uleule tangu chini hadi juu, nukta hiyo iko katikati, na hapo uzito unavuta wima kwenda chini. Mguuni, ardhi inausukuma mguu kwenda juu. Kichwani, ukuta unaisukuma ngazi kwa mlalo kwenda nje. Bado iko kani moja ambayo jicho haliioni na akili huisahau upesi: kule chini, msuguano kati ya mguu na ardhi unausukuma mguu kuelekea ukutani. Ukiondolewa huo, hakuna kitu kingine cha kupingana na msukumo wa ukuta, kwa maana uzito na msukumo wa ardhi vyote viwili ni vya wima, na kani ya wima haiwezi kuzuia mwendo wa mlalo.

Masharti ya kusimama ni matatu. La kwanza, ardhi ibebe uzito wote, wa ngazi na wa aliyepanda. La pili, msuguano wa mguuni uwe sawa kabisa na msukumo wa ukuta. La tatu ni la mzunguko. Mguu ukichukuliwa kuwa egemeo, uzito unataka kuilaza ngazi chini na msukumo wa ukuta unataka kuisimamisha; nguvu hizo mbili za kuzungusha, ambazo vitabu huziita momenti, lazima ziwe sawa. Momenti ya kani hupatikana kwa kuzidisha kani hiyo kwa umbali wa mstari wake kutoka kwenye egemeo. Kwa uzito, umbali huo hupimwa kwa mlalo. Kwa msukumo wa ukuta, hupimwa kwa wima, kutoka chini mpaka pale kichwa cha ngazi kinapogusa.

Namba zitalifanya jambo hili lishikike. Tuseme kichwa cha ngazi kinagusa ukuta mita 4 kutoka chini, na mguu uko mita 1 kutoka ukutani. Ngazi ina kilo 20, ambazo ni kama nyutoni 200 za uzito. Ukuta ni laini, hausaidii chochote zaidi ya kusukuma. Kitovu cha uzito kiko nusu mita kutoka mguuni kwa mlalo, kwa hiyo momenti ya uzito ni 200 mara nusu, sawa na 100. Msukumo wa ukuta mara mita 4 lazima nao utoe 100. Jibu ni nyutoni 25, na msuguano wa mguuni nao ni nyutoni 25. Ardhi inabeba 200, msuguano unaohitajika ni 25, na uwiano wa hizo mbili ni sehemu moja ya nane, au 0.125.

Uwiano huo ndio kiini cha hesabu yote, na hapa panahitaji utulivu. Mwaka 1699 Guillaume Amontons aliieleza Akademia ya Sayansi ya Paris kwamba msuguano hukua sambamba na kani inayozibana nyuso mbili, wala hautegemei ukubwa wa eneo linalogusana. Leonardo da Vinci alikuwa ameyaandika hayo katika madaftari yake karne mbili nyuma, lakini hayakuwa yamejulikana. Charles-Augustin Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, aliyapima kwa kina na kuyachapisha mwaka 1785. Kutokana na kazi hiyo kila jozi ya nyuso ina namba yake ya msuguano: kani kubwa kabisa ya msuguano ambayo nyuso hizo zinaweza kutoa, ikigawanywa kwa kani inayozibana. Mbao kavu juu ya saruji kavu na yenye mkwaruzo huweza kufika 0.5 au zaidi. Mpira juu ya saruji kavu huvuka 0.6. Uso wenye maji, tope, mafuta au nta hushuka chini sana ya hapo.

Neno la kushika katika maelezo hayo ni «kubwa kabisa». Namba ya msuguano haisemi msuguano uliopo ni kiasi gani, inasema kikomo chake kiko wapi. Ngazi ya mfano wetu inahitaji nyutoni 25, na sakafu yenye namba ya 0.5 inaweza kutoa hadi 100, lakini haitoi 100. Inatoa 25 tu, sawasawa na inavyodaiwa. Fundi akipanda, dai linaongezeka na msuguano unalipa zaidi, kimyakimya, kama mtu anayelipa kila anachodaiwa bila kumwonyesha yeyote kilichobaki mfukoni. Ngazi iliyobakiwa na akiba kubwa na ngazi iliyofika ukingoni zinaonekana sawa kabisa machoni. Hakuna mlio wala mtikisiko wala mwelekeo wa kuonya. Ndiyo maana kauli inayosikika kwenye viwanja vingi vya ujenzi, kwamba ngazi imesimama vizuri kwa kuwa haijateleza hadi sasa, haina uzito wowote mbele ya hesabu. Kusimama kwake kunathibitisha kwamba kikomo hakijafikwa. Hakuonyeshi kimebaki umbali gani.

Kikomo hicho kinaweza kupimwa bila maabara. Kipande cha mbao kilekile kilichotumika kwa mguu wa ngazi kinawekwa juu ya bamba la uso uleule wa sakafu, kisha bamba linainuliwa upande mmoja polepole mpaka kipande kianze kuteleza. Urefu wa wima ulioinuliwa ukigawanywa kwa urefu wa mlalo, jibu ndilo namba ya msuguano. Bamba ambalo upande wake umepanda sentimita 30 kwa kila sentimita 60 za mlalo linatoa 0.5, yaani pembe ya karibu nyuzi 27. Wanafunzi wa sekondari mjini Mbeya au Iringa wanaweza kulifanya jaribio hili kwa rula na kipande cha ubao, na wakilirudia baada ya kulowesha uso, tofauti watakayoiona itawafundisha zaidi ya ukurasa mzima wa milinganyo.

Liko jambo linalowashangaza wengi wanapolikuta mara ya kwanza: uzito wa ngazi yenyewe hauna sauti katika swali la kuteleza. Ngazi ikiongezwa uzito maradufu, msukumo wa ukuta unaongezeka maradufu, msuguano unaohitajika vilevile, na uwezo wa ardhi kutoa msuguano pia. Uwiano unabaki palepale. Urefu nao haumo. Fimbo ya mzee na nguzo ya umeme ya mita 10, zikiegemezwa kwa mwinamo uleule na nyuso zikiwa za aina moja, zitaanza kuteleza kwenye pembe ileile. Kilichobaki katika hesabu ni mwinamo tu. Kwa ukuta laini na ngazi isiyo na mtu, uwiano unaohitajika ni nusu ya umbali wa mguu kutoka ukutani ukigawanywa kwa kimo cha kichwa cha ngazi. Mguu ukiwa mita 1 kwa kimo cha mita 4, ni 0.125. Ukiwa mita 2, ni 0.25. Ukiwa mita 3, ni 0.375.

Mtu akipanda, mambo yanabadilika, na hayabadiliki kwa namna ambayo wengi wanaidhania. Fundi wa kilo 70 akisimama kwenye kipandio kilichoko sentimita 40 kutoka chini, mguu wa ngazi ukiwa mita 1 kutoka ukutani, uzito wake uko karibu sana na egemeo na momenti yake ni ndogo. Msukumo wa ukuta unapanda hadi nyutoni 42.5 tu, ilhali ardhi sasa inabeba 900. Uwiano unashuka mpaka chini ya 0.05. Ngazi yenye mtu pale chini imeshika zaidi kuliko ngazi tupu. Akifika katikati, uwiano unarudi 0.125, uleule wa ngazi tupu. Kuanzia hapo, kila kipandio kinaongeza dai. Akiwa kileleni msukumo wa ukuta ni nyutoni 200 na uwiano ni 0.22.

Sasa ichukuliwe ngazi ndefu zaidi yenye uzito uleule, inayogusa ukuta kwenye kimo kilekile cha mita 4 lakini mguu wake ukiwa mita 2 kutoka ukutani, labda kwa sababu kuna mtaro wa maji au rundo la mchanga karibu na msingi. Fundi akiwa kileleni uwiano unaohitajika ni 0.44. Mguu ukiwa mita 3 kwa kimo hichohicho, unakuwa 0.67, na hapo mbao juu ya saruji, hata ikiwa kavu, inaweza kushindwa. Mtu huyo amepanda nusu ya kwanza ya ngazi bila tatizo lolote. Ngazi imemhakikishia usalama kwa vipandio sita au saba, na kuteleza kwake kunakuja pale juu, mahali ambapo kuanguka kuna gharama kubwa. Hili si bahati mbaya wala si mkosi wa mtu. Ndivyo momenti zinavyokwenda.

Ndoo ya plasta au bati lililobebwa begani, kwa upande mwingine, linabadilisha uwiano kidogo mno. Kilo 20 zikiongezwa kileleni, kwa ngazi yenye mguu mita 1 nje, uwiano unatoka 0.222 kwenda 0.227. Hata mzigo ungekuwa mkubwa namna gani, hauwezi kuvuka 0.25, kwa sababu umbali wa mguu ukigawanywa kwa kimo ndio upeo wa mzigo wowote uliowekwa kwenye ngazi. Mzigo mkubwa huleta hatari nyingine, ya kuvunja kipandio au kumyumbisha aliyeubeba. Katika suala la mguu kuteleza, mahali mzigo ulipo kuna nguvu kuliko kilo zake.

Hapo ndipo inapoeleweka kanuni inayotolewa na mamlaka za usalama kazini za Uingereza na Marekani: kwa kila mita 4 za kimo, mguu ukae mita 1 nje, mwinamo wa karibu nyuzi 75. Kwa mwinamo huo, sakafu yenye namba ya msuguano iliyozidi 0.25 inatosha popote mtu atakaposimama. Saruji kavu ina hiyo na akiba juu yake. Sakafu iliyong'arishwa kwa nta kisha ikamwagikiwa maji inaweza isiwe nayo.

Swali linalofuata ni kwa nini isizidi kusimamishwa wima, ikiwa wima ndio unaopunguza dai la msuguano. Jibu liko kwenye tabia ya ukuta. Ukuta unaweza kusukuma, hauwezi kuvuta. Ngazi ikiwa karibu wima, msukumo wa ukuta ni mdogo sana, na chochote kitakachoumaliza kitaacha kichwa cha ngazi kikiwa hewani. Fundi akijinyoosha nyuma kuvuta bati, kitovu cha uzito chake kikapita nyuma ya mguu wa ngazi, ngazi inaanza kuzunguka kwenda nje. Fundi wa umeme anayetoboa ukuta kwa drili anausukuma ukuta, na ukuta unamrudisha nyuma kwa kani hiyohiyo; akiwa juu kabisa ya ngazi iliyosimama mno, nyutoni chache zinatosha. Ngazi iliyolala sana inateleza mguuni, iliyosimama sana inaanguka kinyumenyume, na moja kwa nne ni mahali pa katikati palipochaguliwa kuziepuka zote mbili.

Mpaka hapa ukuta umechukuliwa kuwa laini. Kuta za tofali za kuchoma si laini, na fundi anayeegemeza ngazi kwenye tofali tupu anaweza kuamini kwamba mkwaruzo ule unamshika. Imani hiyo inahitaji kupimwa kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote ya somo hili. Chukua ngazi tupu juu ya sakafu yenye namba ya 0.4. Ukuta ukiwa laini, ngazi inaanza kuteleza ikilazwa chini ya nyuzi 51. Ukuta ukipewa nao namba ya 0.4, mpaka huo unashuka hadi nyuzi 46. Faida ni nyuzi 5. Sasa sakafu iwe ya kuteleza, namba yake 0.1, na ukuta uwe na mkwaruzo mkubwa wa 0.6. Ukuta laini ungedai nyuzi karibu 79. Ukuta huu wa mkwaruzo unadai nyuzi 78. Mkwaruzo wote ule umeleta pungufu ya nyuzi moja.

Na kama sakafu haina msuguano kabisa, ukuta hauwezi kuiokoa ngazi hata ukiwa na mkwaruzo wa tupa. Uthibitisho wake ni mfupi. Kwa mlalo, kani pekee iliyobaki ni msukumo wa ukuta, na kwa kuwa hakuna cha kuupinga, ili ngazi isimame msukumo huo ni lazima uwe sifuri. Msuguano wa ukutani hutegemea msukumo huo; ukiwa sifuri, nao ni sifuri. Basi hakuna kilichobaki cha kuzuia uzito usiilaze ngazi. Kwa hiyo mguu na kichwa havina hadhi sawa. Ngazi inaweza kusimama juu ya ardhi yenye msuguano ikiegemea ukuta laini kama kioo, lakini haiwezi kusimama juu ya barafu hata ikiegemea ukuta wenye meno. Maswali ya mitihani husema tu kwamba ukuta ni laini na sakafu ina msuguano, na mwanafunzi huandika majibu bila kuulizwa kwa nini haijawahi kuwa kinyume. Mwalimu akiligeuza swali siku moja, darasa litagundua lenyewe kila kitu kinachoamuliwa na mguu.

Ukuta wenye msuguano unaleta ugumu mwingine, ambao ni wa kifikra zaidi. Visivyojulikana sasa ni vinne: misukumo miwili na misuguano miwili. Masharti ya msawazo ni matatu tu. Kwa ngazi iliyotulia bila kufika ukingoni, hesabu peke yake haiwezi kusema ukuta unachangia kiasi gani na sakafu kiasi gani. Jibu la kweli linategemea jinsi ngazi ilivyowekwa. Ikiwa fundi aliisukuma kwa teke mguuni kuelekea ukutani, kichwa kilikwaruza kwenda juu na msuguano wa ukuta ukabaki ukivuta ngazi chini. Ikiwa aliiegemeza kisha akaiacha ikae, kichwa kilishuka kidogo na msuguano ukabaki ukiiinua. Mtu akipanda, mirunda inapinda, nyuso zinatambaa kwa kiasi kisichoonekana, na mgawanyo unabadilika tena. Wahandisi huikwepa shida hiyo kwa kuuhesabu ukuta kuwa laini. Ni uamuzi wa busara, kwa kuwa msaada ambao hauwezi kujulikana haufai kutegemewa na mtu aliye juu.

Kazi yote basi inarudi chini, kwenye mguu na ardhi. Miji ya Mbeya na Iringa haiko kwenye tambarare. Nyumba za chini ya mlima Loleza, na zile za pembezoni mwa Iringa zinazotazama bonde la Ruaha Mdogo, nyingi zina ua ulioinama. Ardhi ikiteremka kutoka ukutani kwa nyuzi 10, uso wenye namba ya 0.5, ambao kwenye tambarare ungeshika hadi nyuzi 27, unabaki na nyuzi 17 tu za kutumia, sawa na namba ya 0.3. Ardhi ikiinama kuelekea ukutani, uso uleule unakuwa kama wenye namba ya karibu 0.75. Nyuzi 10 ni mteremko ambao mtu hutembea juu yake bila kuufikiria, na bado unaweza kupunguza kwa theluthi nzima na zaidi kile ambacho ngazi inakitegemea.

Kwenye udongo, sheria za Amontons hazifuatwi vizuri, kwa sababu mguu unazama. Udongo mwekundu uliokauka wenye vumbi la juu unaweza kutelezesha, kwani chembe zinabingirika chini ya mbao. Ukinyeshewa kidogo, safu nyembamba ya tope inageuka kilainishi juu ya tabaka gumu, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote: chini pagumu, juu utelezi. Tiba ya mafundi ni kuchimba kishimo cha kina cha kiganja na kuutumbukiza mguu humo. Hapo msuguano hauhesabiwi tena. Ukingo wa shimo wenyewe unausukuma mguu kuelekea ukutani, na kikomo kinakuwa uimara wa udongo. Vishimo hivyo lazima viwe viwili vyenye kina kimoja, la sivyo ngazi italala ubavu.

Sakafuni haiwezekani kuchimba, na hapo hutumika vitu viwili. Cha kwanza ni kipande cha tairi kuukuu, mpira uleule wa katambuga, kinachopigiliwa chini ya mguu. Kinafanya kazi vizuri mradi vichwa vya misumari vizame ndani ya mpira. Vikitokeza, kinachogusa saruji ni chuma, na mpira umebaki pambo. Cha pili ni gunia. Gunia likiwekwa kati ya mguu na sakafu, zinakuwapo nyuso mbili za kuteleza badala ya moja: mguu juu ya gunia, na gunia juu ya sakafu. Ile iliyo dhaifu ndiyo inayoamua. Juu ya saruji ya mkwaruzo gunia la mkonge halina ubaya. Juu ya sakafu yenye nta linaweza kuteleza pamoja na ngazi kwa wepesi, na aliyeliweka akiamini kwamba ameongeza usalama atakuwa ameupunguza.

Msaidizi anayesimama kwenye kipandio cha chini kabisa anafanya kazi kubwa kuliko anavyojua. Kilo zake 60 ziko karibu juu ya egemeo, haziongezi momenti ya maana, lakini zinaibana ardhi. Kwa ngazi yenye mguu mita 2 kutoka ukutani na fundi kileleni, uwiano unaohitajika unashuka kutoka 0.44 hadi 0.27. Msaidizi huyo akishuka kwenda kuchanganya plasta, uwiano unarudi 0.44 papo hapo, bila fundi wa juu kuhisi lolote. Anayeishika tu kwa mikono, akiwa amesimama pembeni, anazuia kuyumba. Uzito wake haumo ndani ya hesabu.

Ngazi ikishaanza kuteleza haijirudishi. Sababu ziko mbili na zote zinavuta upande mmoja. Msuguano wa nyuso zinazoteleza kwa kawaida ni mdogo kuliko msuguano wa nyuso zilizotulia, tofauti ambayo Leonhard Euler aliieleza katika karne ya 18. Pia kila sentimita ambayo mguu unasogea nje inaongeza umbali wa mlalo wa uzito na kupunguza kimo cha kichwa, kwa hiyo dai linapanda wakati uwezo umeshuka. Wanahisabati wameikokotoa hata safari ya ngazi isiyo na msuguano juu wala chini: ikianza kuteleza kutoka kwenye utulivu, kichwa chake hakifuati ukuta mpaka chini. Kinauacha ukuta kinapofika theluthi mbili ya kimo cha mwanzo. Kwa ngazi iliyoanzia mita 4, ni karibu mita 2.7, kuanzia hapo ngazi inakwenda nje ikiwa haigusi ukuta tena. Mtu anayeanguka huru kutoka mita 3 hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa, na anguko lote ni la chini ya sekunde moja, muda ambao hautoshi hata kuachia ndoo.

Kwa kazi ya kileleni juu ya sakafu isiyoaminika, kilichobaki ni kamba, na mahali pa kuifungia panaamua kama itasaidia. Kamba ya mlalo iliyofungwa mguuni na kushikizwa chini ya ukuta, kwenye nondo au nguzo ya mlango, inachukua kazi ya msuguano moja kwa moja. Kwa ngazi yenye mguu mita 2 nje na fundi wa kilo 70 juu, hata sakafu ikitelezesha kabisa, kamba hiyo inavutwa kwa nyutoni 400, ambazo kamba nzuri ya mkonge yenye unene wa kidole inazibeba bila shida. Ikifungwa kwenye kipandio cha katikati badala ya mguuni, kamba hiyohiyo inavutwa kwa nyutoni 800. Na ikifungwa kwa mlalo kileleni, haizuii mguu hata kidogo, kwa sababu mvuto wake na msukumo wa ukuta viko kwenye mstari mmoja na momenti zao zinafutana. Kamba ya juu ina kazi yake, ya kuzuia ngazi isianguke kinyumenyume wala isiteleze kando. Mguu unafungwa mguuni.